Vibanda vya njia ya Marangu: kinga dhidi ya upepo wa Kilimanjaro na mahali inapoishia

Marangu ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo mpandaji hulala vibandani badala ya hemani, nami niliichagua kwa sababu hiyo tu. Safari yangu ya kwanza, kwa njia ya Machame, ilinifunza hofu pale Barafu, kambi iliyo juu ya ukingo wa mawe usio na kizuizi chochote, ambako wapagazi waliamka mara mbili usiku kuongeza mawe kwenye kamba za hema letu lisije likabebwa na upepo.

Mandara, kambi ya kwanza ya vibanda, mita 2,720, imo msituni, hivyo upepo haukutufikia. Horombo, mita 3,720, iko wazi zaidi, lakini vibanda vyake vya mbao, vyenye mapaa yanayoteremka hadi karibu na ardhi, huupitisha upepo juu yake badala ya kushindana nao. Kibo, mita 4,720, ni jengo la mawe lenye vitanda vya dabo deka; komeo la mlango lilikuwa likigonga muda wote, ila kitanda hakikutikisika hata kidogo. Kasoro yake ni choo kuwa nje, na gizani, upepo ukivuma, si busara kwenda peke yako.

Baada ya Horombo, mtu asijidanganye. Uwanda ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ni mtupu, vumbi linapiga machoni, na pa kujisitiri ni nyuma ya miamba michache tu. Miwani iliyobana vizuri na kofia ya kufunika uso viwe mkononi, si chini kabisa ya begi alilobeba mpagazi.

Jaketi nililokodi katika duka moja mjini Moshi lilikatika zipu usiku wa kuelekea kileleni. Laiti ningeifunga na kuifungua mara kumi pale pale dukani! Kiongozi wetu alilibana kwa pini, akanizungushia skafu yake kifuani, kisha akazifunga glavu zangu kwa uzi kwenye vifundo vya mikono, kwa kuwa glavu ikipeperuka huko juu huioni tena, na vidole huanza kufa ganzi upesi mno. Chupa ya maji aliigeuza mdomo chini, maana barafu huanzia juu.

Tulipofika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,681, upepo ulikuwa unatuyumbisha hata tukiwa tumeegemea fimbo. Kiongozi aliniambia, “Dada, mbele njia inafuata ukingo wa kreta. Ukiyumba hapo, sina namna ya kukushika. Tunashuka.” Nililia, lakini kwa uamuzi ule ninampa alama nyingi kuliko vibanda vyote nilivyolala. Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895, nitaijaribu tena kwa njia hii hii, nikiwa na kiongozi yule yule na jaketi langu mwenyewe.