Nilinunua kifurushi cha baa ya nyumbani: chupa zilibaki, barafu ikaisha

Mimi si mnywaji mkubwa. Glasi moja ya jini na tonic Ijumaa jioni, basi, nimefika. Lakini nimeolewa katika ukoo unaopenda kukusanyika, na tangu tuhamie South B, hapa Nairobi, kwenye nyumba yenye sebule pana kidogo, kila sikukuu inaishia kwetu. Sikukuu ya Jamhuri iliyopita tulikuwa tunatarajia watu 14. Mume wangu akasema safari hii hakuna kukimbizana na duka la pombe la hapo chini saa nne usiku, tuwe na baa yetu wenyewe.

Nikaingia mtandaoni, nikakuta duka linalouza kile wanachokiita kifurushi cha baa ya nyumbani. Jina lao nitaliweka kando. Sh 16,500, na Sh 300 za kuletewa. Ndani kulikuwa na chupa saba za mililita 750: jini, vodka, wiski, ramu nyeupe, tekila, vermouth nyekundu, na moja ya rangi ya buluu iliyokoza ambayo mwanangu aliuliza kama ni ya kuoshea vioo. Pamoja na hizo, sheka ya chuma, kijiko kirefu, kipimo cha toti, kizibuo, glasi mbili za martini zenye miguu myembamba kama ya korongo, makopo manne ya tonic, na kijitabu cha kuchanganya vinywaji 30.

Nianze na sifa zao. Boda alifika dakika 40 baada ya mimi kulipa kwa M-Pesa. Kila chupa ilikuwa imeviringishwa katoni na hakuna iliyopasuka. Kijana akaniomba kitambulisho kabla ya kunikabidhi mzigo. "Samahani madam, ni sheria." Na kweli ni sheria, ile ya vileo ya 2010 ambayo sote tunaiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni: aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Mimi nina miaka 41. Nilimtolea kitambulisho kwa furaha ambayo hakuielewa.

Tukapanga chupa mezani, mume wangu akatoa simu na kuanza kusoma stempu za ushuru moja moja kwa Soma Label, ile programu ya KRA, mamlaka ya ushuru, inayoonyesha kama stempu ni ya chupa hiyo. Nilimcheka. Jini ikakubali, wiski ikakubali. Alipofika kwenye vodka, simu ikaleta jina la kinywaji kingine kabisa. Akarudia mara tatu, jibu lile lile. Stempu ilikuwa halisi, lakini si ya chupa ile.

Hapo kicheko kiliisha. Hatujasahau Mei 2014, pombe yenye methanoli, kemikali ya sumu, ilipoua makumi ya watu Embu, Kitui, Makueni na kwingineko, wengine wakapofuka macho. Wala Kirinyaga Februari 2024. Methanoli huitambui kwa harufu wala kwa ladha ukiwa umeketi na wageni wako mnacheka. Labda chupa yetu haikuwa na neno, labda mtu alikosea tu kubandika. Lakini sikuwa tayari kuwajaribia mashemeji zangu. Nikaiweka kando, nikanunua vodka nyingine pale chini baada ya kuisoma stempu yake mbele ya muuzaji, naye akanitazama kama afisa aliyevaa kiraia.

Nilipowapigia wauzaji, dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Tuma picha kwa WhatsApp, tutashughulikia. Siku ya tatu boda akaleta chupa mpya, akachukua ile mbaya. Nauli ya pili wakanidai mimi. Nilipouliza ile chupa ilitoka kwa msambazaji gani, alama mbili za buluu zikatokea, na hadi leo ni hizo alama tu.

Basi, usiku wenyewe. Wa kwanza kufika alikuwa mjomba wa mume wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, na nikamkaribisha kwenye baa yangu kwa mbwembwe zote. Akaziangalia chupa saba, akaangalia sheka, akaniambia, "Mama, hizi ni nzuri sana. Tusker iko?" Haikuwepo. Kifurushi kizima cha baa, Nairobi hii, na hakuna bia hata moja. Tulipotuma mtu alete kreti, mzee akamwita kutoka mlangoni, "Yangu ya moto!" Kosa hilo ni langu kama lilivyo la wauzaji, maana nimeishi mji huu miaka yote na najua swali la kwanza la mhudumu yeyote wa baa ni moto au baridi. Bia ilipofika akatusimulia, kama kila mwaka, jinsi George Hurst, mmoja wa walioanzisha kampuni ya bia mwaka 1922, alivyouawa na ndovu mwaka uliofuata, na ndivyo jina Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, lilivyopatikana. Wanaoijua hadithi wakamsaidia kuimalizia.

Katika wageni 14, sita walikunywa bia. Watatu hawakugusa kilevi. Wanaotumia baa yangu wakabaki watano. Na hao watano, sikilizeni hesabu iliyonishinda. Mzinga mmoja wa mililita 750 una toti 25 za mililita 30. Ukitaka kila toti ya jini iende na tonic mililita 200, chupa moja tu inataka lita tano za tonic. Mimi nililetewa makopo manne, lita moja na robo hivi. Yalitengeneza glasi sita, saba, na kufikia saa mbili na nusu tonic ilikuwa imekwisha, jini imeshuka kidogo tu kutoka shingoni. Nina pombe ya kutosha kulewesha harusi na sina cha kuichanganyia.

Kilichotuokoa ni soda ya Stoney Tangawizi kutoka kioski cha getini. Wiski na Stoney, kipande cha ndimu juu, na wale waliokuwa wakidai tonic wakanyamaza. Ramu nyeupe pia iliipokea vizuri. Kijitabu cha vinywaji 30 hakikutaja tangawizi popote, kilitaja majimaji ya komamanga na mayai mabichi.

Barafu ndiyo iliyoniaibisha. Nilikuwa nimejaza treya mbili za friji tangu asubuhi, nikijiona nimejipanga. Treya mbili ni kama nusu kilo, na saa moja ya kwanza ilizimaliza zote. Lakini kabla hazijaisha, shemeji yangu mdogo alikunja uso, akaniita jikoni. "Shem, umetia chumvi hapa?" Sikuwa nimetia kitu. Ila wiki ile maji ya kaunti hayakuwa yamekuja, tangi la jengo lilikuwa limejazwa ya kisima, na maji ya kisima chetu ukiyachemshia chai unayasikia. Nilikuwa nimeyagandisha yale yale. Barafu ilipoanza kuyeyuka ndani ya glasi, ladha ikatoka. Sijui ni wangapi waliokunywa wakanistahi.

Siku hizi barafu yangu ni ya maji ya dukani, au nanunua mifuko ya kilo mbili kituo cha mafuta, nusu kilo kwa kila mgeni. Halafu soda na tonic zinalala kwenye friji tangu jana yake. Soda ya moto ikimiminwa juu ya barafu inaiyeyusha papo hapo na gesi inatoka yote, unabaki na maji matamu. Vipande vikubwa navyo hudumu kuliko vidogo, kwa hiyo nagandisha kwenye vikopo vya siagi. Havipendezi kwa picha.

Dawa ndiyo iliyoufanya usiku ule uwe usiku. Dawa ile ya vodka, nasema, iliyopata umaarufu pale mkahawa wa Carnivore, barabara ya Lang'ata, kwa kufuata caipirinha, kinywaji cha ndimu cha Wabrazili. Nilikuwa na ndimu za soko la Marikiti na asali nzito ya Kitui niliyoletewa na mfanyakazi mwenzangu. Unakata nusu ndimu vipande, unaviweka kwenye glasi fupi na kijiko cha sukari, unaviponda mpaka maganda yatoe mafuta yake. Kifurushi hakikuwa na cha kupondea, kwa hiyo nikachukua mchi wangu mdogo, na glasi ya kwanza ikanuka kitunguu saumu hadi sebuleni. Nikaimwaga. Nikaosha mchi kwa maji ya moto na ndimu, nikaanza upya. Barafu juu, toti mbili za vodka, kisha kijiti ulichokizungusha ndani ya asali mpaka kikavimba kichwa kama njiti kubwa ya kiberiti.

Watu wengi hukosea hapo, wanakoroga asali mpaka iishe. Asali ikikutana na barafu inakakamaa, inashikilia kijiti, haiyeyuki upesi. Ndiyo raha yake. Unaanza na kinywaji kikali, chachu, halafu unaminyaminya kijiti ukutani mwa glasi unavyotaka, na kila fundo linakuja tamu kidogo kuliko lililopita. Wifi yangu, ambaye huwa hanisifii kitu, aliomba ya pili. Vijiti vyenyewe vilikuwa vya mishikaki, nimevikata nusu.

Kwa wasiokunywa nilikuwa na juisi ya ukwaju, na ile dawa bila vodka, soda badala yake. Nilihakikisha wanapewa glasi sawa na wengine. Shangazi ameokoka, shemeji mmoja alikuwa na mimba, na wa tatu alikuwa anaendesha gari mpaka Kitengela na alishakutana na alkoblo, kile kipima pombe cha polisi, mara moja maishani. Zile glasi mbili za martini? Moja ilivunjika ikioshwa, nyingine imepandwa kitunguu cha majani dirishani. Nilichohitaji ni glasi fupi nzito 20, na nimezipata soko la Gikomba kwa bei ya kutupa, hazifanani hata mbili.

Miezi minne imepita. Jini imekwisha, vodka imekwisha, wiski imekwisha mara mbili. Ramu iko nusu, nayo sina wasiwasi nayo, kileo kikali hakiharibiki kikifungwa vizuri na kusimamishwa mbali na jua. Vermouth ndiyo iliyonitoa hasara. Hiyo ni mvinyo, ikishafunguliwa inataka friji na iishe ndani ya mwezi mmoja, miwili. Mimi niliiweka kwenye rafu kwa ajili ya lebo yake nzuri, na sasa inanukia siki. Kijitabu hakikusema neno.

Kama wanataka nyota, nawapa tatu kati ya tano. Ya kasi, ya upakiaji, na ya kijana wa boda. Mbili nimezizuia kwa sababu ya ile stempu na kwa sababu wanakuuzia rafu ya kupigia picha. Kwa Sh 16,500 zile zile, leo ningechukua jini, vodka na wiski, kreti ya bia, chupa moja ya mvinyo mwekundu kwa wifi, na pesa iliyobaki yote ingekwenda kwa tonic, Stoney, ndimu, asali na barafu. Na bado ningebaki na nauli.

Pasaka mjomba anakuja tena. Kreti nimeshaleta, nne nimeziacha nje ya friji chini ya meza. Ile chupa ya buluu iko juu ya kabati, haijafunguliwa, stempu yake nimeisoma na iko sawa. Anayeitaka aje South B, lakini asije bila tonic.