Shilingi 1500 ya dhahabu, yenye duma (1974): bei niliyotajiwa na bei niliyolipa

Kwa wasioijua, hii ni sarafu ya Tanzania ya mwaka 1974. Upande mmoja yupo Mwalimu Nyerere, upande wa pili duma. Ni ya ule mfululizo wa sarafu za uhifadhi wa wanyamapori ambao WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilishiriki, na nchi nyingi zilitoa za kwao. Hakuna aliyeinunulia unga. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, na zilitoka elfu chache tu. Mimi nimeinunua kwenye duka moja la sarafu hapa Hamburg, ninakoishi.

Kibandiko kilisema euro 3,850. Nilitoa simu nikapiga hesabu pale pale dukani. Uzito wake ni gramu 33.437 na usafi ni 900 kwa 1,000, kwa hiyo dhahabu tupu ni gramu 30.09. Aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1, basi hapo una karibu aunsi nzima. Siku hiyo aunsi ilikuwa inacheza kwenye euro 2,900, hivyo dhahabu iliyomo ilikuwa ya euro 2,805 hivi. Zile 1,045 zilizobaki ndizo nilizotaka muuzaji anieleze.

Akanijibu kwamba ni adimu, tena ni toleo maalumu. Adimu, sawa. Kwenye toleo maalumu ndipo tulipobishana. Ni kweli yapo matoleo mawili, la kawaida na lile lililochapwa kwa uangalifu zaidi, ambalo uso wake unang'aa kama kioo na picha imefifia kidogo juu yake. Sarafu za hilo la pili ndizo chache zaidi. Niliomba lensi, nikaiinamisha sarafu chini ya taa. Nyuma ya duma palikuwa panang'aa, ndiyo, lakini si kama kioo: kidole changu sikukiona humo, kwa hiyo ni ile ya kawaida. Na shavuni mwa Mwalimu kulikuwa na mikwaruzo myembamba sana, yote imeelekea upande mmoja: kuna mtu aliifuta na kitambaa. Sonara hajali, dhahabu ni ile ile. Mkusanyaji anajali sana, na sarafu iliyofutwa hushuka daraja.

Kisha nikamuuliza: nikikurudishia wiki ijayo, utanipa ngapi? Akacheka, akasema bei ya dhahabu, toa asilimia tatu. Haya! Kama yeye mwenyewe haulipii huo uadimu, mimi naulipia wa nini? Nikamwonyesha pia bei ambazo sarafu hii imeuzwa minadani. Nasema imeuzwa, maana zile za kwenye matangazo kila mtu hujiandikia anavyotaka. Nilizoziona zilikuwa karibu zaidi na dhahabu kuliko na kibandiko chake.

Tukamalizana kwa 3,150, yaani asilimia 12 hivi juu ya dhahabu. Kwa sarafu adimu ya nyumbani, bei hiyo naiona ya haki. Kodi ya ongezeko la thamani haikuwepo. Sheria za Umoja wa Ulaya huisamehe sarafu ya dhahabu iliyotengenezwa baada ya mwaka 1800, ambayo ni fedha halali ya nchi yake au iliwahi kuwa, usafi wake haupungui 900, na kwa kawaida haiuzwi zaidi ya asilimia 80 juu ya thamani ya dhahabu yake. Kwenye usafi, duma wetu kapita chupuchupu.

Kabati hilo hilo lilikuwa na tembo wa Tabora, rupia 15 ya mwaka 1916, ambayo Wajerumani waliichapa kwenye karakana ya reli vita ikiwa imepamba moto. Pale hesabu yangu haisaidii kitu. Ina dhahabu gramu 5.4 tu, usafi 750, lakini inauzwa kwa maelfu ya euro, kwa sababu zilichapwa elfu 16 na ushee tu na wanaoitafuta ni wengi. Bandia zake nazo zimejaa. Bila cheti cha kampuni inayokagua sarafu, siigusi.

Mizani waliiweka mezani kabla sijaomba, na risiti imeandikwa uzito na usafi. Hilo nawapongeza. Kibandiko cha "toleo maalumu" walikibandua mbele yangu, ila neno la samahani sikulisikia. Sarafu kwa 3,150 naipa nyota nne. Kwa 3,850 ningeipa mbili. Wenye duka nawapa tatu.