Viziba masikio vya tamasha: nimeimba navyo usiku mzima wa muziki wa asili

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo hata utangulizi nimeukata, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi usiku. Hivi hapa. Viziba masikio vya tamasha, vile vya silikoni vyenye ngazi tatu, yaani vikombe vitatu vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine, na katikati kuna kitobo chenye kichujio. Kampuni siitaji, kwa sababu ninachotaka kusema kinavigusa vyote vya aina hii.

Kikopo cha kubebea, rangi, saizi za ncha, hayo mmeshayaona kwenye chaneli nyingine. Tunayaruka.

Nimevinunua kwa sababu yenu. Mwezi uliopita niliwaomba mnisimulie mliyoyapata kwenye matamasha ya muziki wa asili, ule Wazungu wanauita folk, na mmeandika mpaka nimekesha nikisoma. Nilitarajia habari za magitaa matamu na wazee wenye fidla. Zipo, tena nyingi. Lakini zimejaa pia habari za masikio kulia nziii siku mbili baada ya tamasha. Mmoja wenu alisimama hatua chache kutoka kwa kundi la wapiga zumari za mfuko, zile bagpipe. Akafikiri, hizi si ngoma za umeme, hapa hakuna spika, niko salama. Ndugu yangu, zumari ya mfuko ya Uskoti ukiwa karibu nayo inapita desibeli 100, kipimo cha ukubwa wa sauti, bila waya hata mmoja!

Hesabu yenyewe ni hii, halafu tuendelee. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inasema desibeli 85 unaweza kukaa nazo kwa muda wa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa nne. Ukifika 100 umebaki na robo saa. Tamasha la asili linakwenda saa ngapi? Jioni nzima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha kwamba wastani usizidi desibeli 100. Wastani huo ukiufikia, bado una kitu cha kuhofia.

Kwa hiyo nilivinunua kwa furaha, na saa ya kwanza nilivipenda kweli. Viziba vya kawaida vya sponji vinazima sauti nyembamba zaidi kuliko nzito. Banjo inageuka kugonga meza, maneno ya mwimbaji yanapoteza s zote na t zote. Na muziki huu ni wa maneno! Unakwenda kusikiliza kisa cha watu waliozama baharini, beti kumi na nane, halafu husikii nani kazama? Hivi vya kichujio ni tofauti. Mfereji wa sikio lako ni bomba dogo, na bomba hilo lenyewe linakuza sauti nyembamba za karibu hezi 3,000. Ukiliziba kwa sponji, ukuzaji ule unapotea. Kichujio kimetengenezwa kuurudisha, ili kila kitu kishuke kwa kiasi kinachokaribiana. Na kweli, nilisikia kucha za mpiga gitaa zikigusa nyuzi. Fidla ilibaki fidla. Nikasema leo nimepata.

Halafu kikaja kitikio.

Mnajua ilivyo. Mwimbaji anaimba mstari mmoja, ananyamaza, anatunyooshea mkono, ukumbi unaitikia. Nikafungua mdomo niitikie, na kichwa changu chote kikajaa sauti yangu mimi. Peke yangu. Watu mia tatu wanaimba, najisikia mimi tu, nene, inavuma kama niko ndani ya mtungi.

Tufanye pamoja hapo ulipo. Ziba masikio yote mawili kwa vidole. Sasa imba «uuu». Umesikia inavyojaa? Usitoe vidole. Imba «aaa». Imepungua, eeh? Rudi «iii». Imevuma tena. Toa kidole kimoja huku unaimba. Umeona ilivyokimbia?

Unapoimba, mtetemo unapita kwenye mifupa ya taya na fuvu, unaingia kwenye mfereji wa sikio. Sikio likiwa wazi, ule uzito wa sauti unatoka zake nje na wala huujui. Ukiziba, hauna pa kutokea, unaipiga ngoma ya sikio. Kile kitobo cha kichujio ni chembamba mno kuutoa. Kwa hiyo muziki unaingia vizuri sana, ila wewe hutoki.

Sasa angalieni, nivae mbele yenu. Mkono wa kushoto nauzungusha nyuma ya kichwa, naushika huu ukingo wa juu wa sikio la kulia, nauvuta juu na nyuma kidogo. Mfereji unanyooka. Mkono wa kulia unaingiza taratibu, huku nakizungusha. Ngazi ya kwanza imeingia. Naimba: «uuu». Mbaya. Ngazi ya pili: «uuu». Bado. Ya tatu... «uuu». Hapa imepungua, tena si haba. Theluthi ya nje ya mfereji ni gegedu, inatetemeka. Ndani zaidi ni mfupa. Kadiri kiziba kinavyokaa ndani, ndivyo sehemu ya kuvuma inavyobaki ndogo. Lakini ukisikia maumivu, simama hapo hapo. Usilazimishe. Na kutoa ni kwa kuzungusha taratibu, usikivute kwa ghafla.

Basi nilikaa na ngazi mbili nusu ya kwanza, ya tatu nusu ya pili, na nikiri kwamba hasira ilishuka. Ila haikuisha. Karibu na mwisho mwimbaji aliisogeza maiki pembeni, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa na gitaa lake, bila mtambo wowote. Ukumbi ukatulia. Tukaimba naye. Nikatoa kiziba cha kulia, na ndipo nikamsikia mama aliyekaa jirani yangu. Alikuwa anaimba sauti ya juu, juu kabisa ya wimbo wenyewe, kwa utulivu, bila kumtazama mtu. Sijui aliianza lini sauti ile. Labda tangu mwanzo. Nimekaa naye saa mbili, bega kwa bega, na nimemsikia dakika nne.

Hilo ndilo linanikera na wachambuzi wenzangu. Wanavipima viziba hivi kwa muziki wa kukaa na kusikiliza, wanatuonyesha grafu, wanatoa nyota tano. Muziki wa asili nusu yake iko kwenye viti! Vipimeni mkiimba.

Na msiseme basi sauti ishushwe tu, yaishe. Mabishano haya ni ya zamani. Newport, tamasha la muziki wa asili la Marekani lililoanza 1959, tarehe 25 Julai 1965 mwimbaji Bob Dylan alipanda na gitaa la umeme, na miaka mingi baadaye Pete Seeger, mwimbaji mkongwe wa muziki huu, alieleza kwamba kilichomkasirisha ni sauti kuharibika mpaka maneno hayasikiki. Maneno, jamani.

Washindani kwa ufupi. Vile vya kuchongwa kwa umbo la sikio lako vinakaa ndani zaidi, kwa hiyo kitikio kinakuwa na nafuu, lakini bei inapanda sana na lazima mtaalamu achukue umbo. Vya betri vyenye kupunguza kelele sivipendi hapa, maana unasikiliza maiki ndogo badala ya ukumbi. Sponji ni rahisi kuliko vyote, ibaki ya dharura. Hivi bei yake ni mara kadhaa ya sponji, lakini vinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, navyo vinarudi kazini.

Tangazo dogo: simulizi zenu nitazisoma mubashara wiki ijayo, bila majina. Mwenye kisa cha kuimba na ukumbi mzima akiweke kwenye maoni.

Nilisema mwanzoni nimekereka, na mkiniuliza leo nitavaa tena? Nitavaa. Karibu na spika, karibu na zumari, ngazi zote tatu. Mwimbaji akiiacha maiki, kimoja kinatoka. Na hapo ndipo ninaidai kampuni kitu kimoja cha bei ya kawaida kabisa: kamba. Kipande cha kamba cha kuvining'iniza shingoni. Kiziba cha kulia kilidondoka gizani wakati wa kitikio, na nilipiga magoti kukitafuta chini ya viti huku wimbo unaendelea juu yangu. Saba kwa kumi. Wakiweka kamba, nane.