Nilivyozamia feri ya Straits of Mackinac, Ziwa Michigan

Mama hakutaka niende. Sisi watu wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria pale Kisumu, ukitaja feri iliyozama tunakumbuka MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018 kule Tanzania, na vilio vilivyofuata. Ilibidi nimweleze kwa simu kwamba hii ilisafishwa kwanza, ikazamishwa kwa makusudi ikiwa tupu.

Straits of Mackinac iliundwa 1928. Ilivusha magari na abiria kaskazini mwa jimbo la Michigan, kazi ileile ya feri yetu ya Mbita na Luanda Kotieno, hadi Daraja la Mackinac lilipofunguliwa 1957. Mwaka 2003 ikazamishwa kama kilomita 16 kutoka Chicago, kwenye kina cha mita 24 hivi.

Nilienda Agosti nilipomtembelea dada yangu. Mbizi nilijifunzia Diani, na meli ya MV Dania pale Mombasa nimeizamia mara mbili, lakini baridi hii sikuwa nimewahi kuionja. Juu maji yanavumilika. Ukishuka na kamba ya boya, ghafla unavuka kama mpaka, na midomo inakufa ganzi. Kompyuta ya mkononi ilisoma nyuzi 9. Bila vazi kavu, lile linalozuia maji yasifike mwilini, usijaribu, na uwe umelifanyia mazoezi kwenye bwawa kabla. Nilidhani kwa kuwa maji hayana chumvi ningefunga kiunoni vipande vichache tu vya risasi, ile madini nzito ya kumzamisha mpiga mbizi. Kumbe lile vazi linashika hewa, nikaongezewa.

Hapo ndipo nina lawama. Vazi nililokodishwa lilikuwa limechakaa shingoni, likaingiza maji. Nilipolalamika niliambiwa nitazoea. Mzamo wa kwanza niliukatiza baada ya dakika 12, meno yakigongana. Kukodisha kifaa kibovu kwa mtu anayeshuka mita 24 ni kuchezea uhai wake. Kagua shingo na mikono ya vazi mwenyewe, mkiwa bado gatini.

Mzamo wa pili nilipewa vazi jingine, na huo sitausahau. Feri nzima imevikwa kome wa kwaga, omo hadi tezi. Ni wageni ziwani humo kama gugu maji lilivyo mgeni kwetu, na wamewaumiza samaki kwa kula chakula chao, ila wamechuja maji mpaka unaona mbali. Mimi niliyezoea Ghuba ya Winam, ambako ukizamisha mkono huoni vidole, nilibaki nimeshangaa. Nilielea kwenye sitaha ya magari, nuru ikiingia kutoka ubavuni, nikatulia hapo mpaka kiongozi akanionyesha saa.

Nenda kati ya Juni na Septemba, na uwe na cheti cha kina kinachozidi mita 18. Upepo ukichafuka safari huahirishwa, basi jitengee siku ya akiba.

Tulipofika gatini nilimpigia mama.

"Hukukuta mtu humo?"

"Sikukuta mtu, Mama. Samaki wadogo tu."

"Haya. Sasa nenda ukanywe chai."