Kizibao cha maua: vipande viwili au mzunguko?

Sweta isiyo na mikono Mtwara? Mjini utachekwa. Lakini panda Newala mwezi wa Juni, asubuhi ukungu umetanda, ndipo utaelewa.

Anayeanza kufuma kizibao hiki ana njia mbili. Ya vipande, mbele na mgongo mbalimbali, inataka sindano mbili za kawaida. Hata spoku za baiskeli zilizonolewa zinafaa. Shida ni mstari wa kurudi: unatazama upande wa ndani, ua huoni, unaona nyuzi zilizolala tu. Mimi nilikosea kitanzi kimoja, maua yakapinda hadi kwapani. Halafu bado kuna kushona ubavuni.

Ya mzunguko inataka sindano ya ncha mbili zilizounganishwa kwa waya unaopindika. Kila mzunguko uso wa sweta unakuelekea, kosa unaliona palepale. Ukifika kwapani ndipo unagawa vitanzi na kuanza kwenda na kurudi. Kwa maua nachagua hii, bila kusita.

Njia yoyote, uzi wa rangi isiyotumika, unaopita nyuma ya maua, usiukaze: kifua kitakunjamana kama uso wa bibi kizee. Na anza na sufu. Pamba haivutiki, kila kosa la mkono linabaki wazi.