Windows 7 iligoma kuapdeti siku tatu, na mtandao haukuwa na kosa lolote

Kwanza niseme wazi sijarudi Windows 7 kwa mapenzi, nimerudi kwa sababu ya skana. Nina skana ya zamani ya kusoma negativu za picha, inasoma vizuri kuliko zote nilizojaribu baadaye, ila draiva yake, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha, iliishia enzi hizo na waliotengeneza hawakutoa nyingine, nikiichomeka kwenye kompyuta mpya inanitazama tu. Basi kompyuta ya zamani ikabaki kwa kazi hiyo moja, miaka inaenda haina neno, mpaka siku diski yake ikafa ghafla bila hata kuugua. Nikaweka SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, nikaichimbua DVD ya Windows 7 yenye Service Pack 1, nikainstoli upya, draiva ya skana ikaingia vizuri, nikajua kazi imekwisha, imebaki apdeti tu na kusukuma picha mtandaoni.

Apdeti tu! Nilivyosema hivyo sijui nani alinisikia.

Nabonyeza kutafuta apdeti, inazunguka kidogo halafu ile alama ya ngao ya Windows Update inakuwa nyekundu na namba 80072EFE. Nasoma maelezo, eti muunganisho umekatika. Sasa mtu ukiambiwa muunganisho umekatika unafanya nini? Unaenda kwenye ruta. Nikazima ruta nikawasha, nikabadilisha waya, nikabadilisha DNS, nikazima firewall, nikatoa na antivirus ambayo nilikuwa nimeiweka dakika kumi zilizopita. Naping, yaani natuma ujumbe wa majaribio mtandaoni, jibu linarudi safi kabisa. Simu kwenye mtandao huohuo inacheza video bila kukwama. Siku nzima imeishia hapo na ndiyo siku inayoniuma mpaka leo, maana nilikuwa namtibu asiyeumwa.

Kilichonizindua ni browza. Windows 7 inakuja na Internet Explorer 8, nikifungua tovuti nyingi ananiambia ukurasa hauwezi kuonyeshwa, lakini chache zikawa zinakuja na onyo kwamba cheti cha usalama, kile kinachothibitisha tovuti ni yenyewe, si halali, bado muda wake haujaanza. Haujaanza! Nikatupa jicho kule chini kulia kwenye saa, kumbe kompyuta yangu iko Januari 2009. Ile betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032, ilikufa zamani, na kwa kuwa nilichomoa umeme kuweka diski mpya saa ikarudi ilikozaliwa. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kwa kompyuta iliyoko 2009 kila cheti cha leo ni cha mtu ambaye hajazaliwa. Nikajaribu kuilazimisha ijipange yenyewe kwa seva ya saa ikakataa kwa sababu tarehe zimepishana mno, ikabidi niandike tarehe kwa mkono kwanza halafu ndipo ikakubali kujirekebisha sekunde. Betri nikaibadilisha kesho yake. Kama una kompyuta ya zamani anza hapa, usianze kwenye ruta kama mimi.

Na niungame, kabla ya kuiona saa nilishabonyeza "endelea hivyo hivyo" mara kama tatu kwenye yale maonyo. Usinifuate. Onyo lilelile linalokuja saa ikiwa mbovu ndilo linalokuja mtu akiwa amekaa katikati anasoma mambo yako, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Sawa, saa imekaa, tovuti kadhaa zikafunguka, nikakimbilia apdeti. 80072EFE. Ileile.

Hapa ndipo nikaanza kusoma kwa utulivu, na nilichokielewa ni hiki. Faili za apdeti huwa zinatiwa saini ili Windows ijue zimetoka kwa mwenyewe na hazijachezewa njiani. Zamani saini hiyo ilitumia SHA-1, njia ya kihisabati ya kukagua faili ambayo ilishadhoofika, kwa hiyo mwaka 2019 Microsoft wakaanza kuhamia SHA-2 iliyo imara zaidi, na mwaka 2020 milango ya zamani ya seva za apdeti inayoongea SHA-1 ikafungwa. Windows 7 iliyotoka kwenye DVD haijui kukagua SHA-2 mpaka uiapdeti, na haiwezi kuapdetiwa mpaka ijue SHA-2. Yaani kuku na yai kabisa. Yeye anagonga mlango ambao haupo tena halafu anakurudia na habari kwamba mtandao umekatika.

Dawa ni kuvibeba vitu kwa flashi kutoka kompyuta nyingine, ile katalogi ya apdeti ya Microsoft bado inafunguka kwa browza mpya na faili unadaunlodi moja moja kwa namba yake inayoanza na KB. Sasa mimi na ujanja wangu nikasema kwa nini nisumbuke na ndogondogo, nichukue ule mkusanyiko wa mwisho kabisa wa bure, wa Januari 2020, KB4534310, si una kila kitu ndani? Nikauweka, ukajitutumua, ukaanguka na namba mpya 80092004. Hiyo maana yake ndiyo ileile, saini imeletwa kwa lugha asiyoijua. Nikarudi nyuma kwa adabu.

Mpangilio uliokubali kwangu ulikuwa hivi, na mpangilio ndio kila kitu: KB4490628 kwanza, hiyo inarekebisha chombo chenyewe kinachoinstoli apdeti, ristati, halafu KB4474419 ambayo ndiyo inaleta SHA-2, ristati tena. Angalia kama yako ni ya biti 32 au 64 kabla hujadaunlodi, yangu ni 32 kwa ajili ya draiva ya skana na nilishabeba za 64 bure kabisa.

Halafu kuna mtego mmoja hapa ambao nusura unifanye nirushe kompyuta dirishani. Ukidabo-kliki faili ya apdeti inakuja kidirisha inasema inatafuta apdeti kwenye kompyuta hii, na inakaa hapo. Nilienda kuoga nikarudi, ipo. Nikala, ipo. Kumbe wakati huohuo sevisi ya Windows Update iko nyuma inahangaika na utafutaji wake wa kutwa nzima na hiyo faili yako imepanga foleni nyuma yake. Chomoa waya wa mtandao, weka mpangilio wa apdeti kwamba usitafute kabisa, ristati, kisha fungua faili. Dakika mbili imeingia. Dakika mbili!

Baada ya hizo mbili ngao ikakubali kutafuta bila namba ya kosa, nikashangilia mapema, maana utafutaji wenyewe ukaanza kula prosesa, ile svchost, programu ya Windows inayobeba sevisi zake, iko juu muda wote, feni inalia, saa ya kwanza, ya pili, hakuna kitu. Hii ni shida nyingine ya zamani isiyohusiana na usalama, ni namna toleo la awali linavyopiga hesabu ya apdeti zilizorundikana miaka na miaka. Iliyoniokoa ni KB3172605 ya Julai 2016, nayo kwa flashi, kwa mtindo uleule wa kuchomoa waya. Baada ya hapo orodha ikaja kwa muda wa kunywa chai, apdeti mia moja na kitu, nikaziacha zijishushe usiku. Asubuhi chache zilikuwa zimeshindwa, ristati, tena, ristati, zikaingia.

Sasa nikajua nimemaliza, nikafungua programu inayopeleka picha mtandaoni, haiunganishi. Jamani.

Hapa tunaingia upande wa TLS, ile itifaki inayofunga mazungumzo kati yako na seva. Windows 7 inaijua TLS 1.2 lakini imekuja nayo ikiwa imezimwa, inatangulia na 1.0, na hizo 1.0 na 1.1 zilishastaafishwa rasmi mwaka 2021, seva nyingi hazizipokei tena. Kwenye mipangilio ya Internet Explorer unakuta kisanduku cha TLS 1.2 kipo tu hakina tiki, weka tiki. Ila hicho kinasaidia browza na vinavyotegemea mipangilio yake, programu nyingine zinapita mlango wa WinHTTP, sehemu ya Windows inayoziunganisha na mtandao, na huo unahitaji KB3140245 pamoja na kuandika thamani kwenye rejistri, ile hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows, jina DefaultSecureProtocols, thamani 00000A00 kwa heksa, maana yake ruhusu 1.1 na 1.2. Wengi wanaweka apdeti halafu wanasahau rejistri wanasema haifanyi kazi. Ndiyo, bila rejistri haifanyi kitu. Na kabla hujagusa rejistri hifadhi nakala, sitaki lawama.

Programu yangu ikaunganisha. Lakini Internet Explorer akaendelea kukataa baadhi ya tovuti hata na 1.2 ikiwa imewashwa, nikadhani nimekosea mahali. Sikukosea. Ndani ya TLS kuna mchanganyiko wa kufuli ambazo pande mbili zinachagua moja, na Windows 7 inakosa baadhi ya zile ambazo seva za sasa zinazitaka, kwa hiyo mnaongea lugha moja lakini hamna kufuli mnayoelewana. Hapo huna la kufanya ndani ya Windows yenyewe, achana nayo, chukua Firefox. Toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 115 ESR, lile la sapoti ndefu, na uzuri wake Firefox anatembea na vifaa vyake mwenyewe, TLS yake na orodha yake ya vyeti vya mizizi, vile vinavyoaminiwa kuthibitisha vyeti vingine, hategemei vya Windows. Nilivyoifungua tu, tovuti zote zilizonisumbua siku tatu zikaja kama hakukuwa na ugomvi. Chrome nayo iliishia 109, mwanzoni mwa 2023, sikuiweka.

Kama programu nyingine bado zinalia kuhusu vyeti, angalia kama kompyuta ina cheti cha mzizi kinachoitwa ISRG Root X1. Tovuti nyingi sana zinatumia vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, na mzizi wa zamani zilioegemea, DST Root CA X3, uliisha muda 30 Septemba 2021. Kwangu huo mpya ulijileta wenyewe baada ya apdeti. Ukilazimika kuuweka kwa mkono uchukue kwa Let's Encrypt wenyewe, usikubali cheti cha mzizi cha kupewa na mtu yeyote, hiyo ni kumkabidhi funguo za nyumba nzima. Vilevile zile programu zinazojinadi kutibu matatizo yote ya apdeti kwa kubonyeza mara moja, nilizikuta nyingi, niliziruka zote. Kuna mradi mmoja wa kujitolea unaitwa Legacy Update ambao unafufua apdeti kwa Windows za zamani, hauhusiani na Microsoft, nimeufahamu nikiwa nimeshamaliza kwa jasho langu kwa hiyo sina uzoefu nao.

Nyota? Kama mashine ya skana naipa nne, inawaka haraka na SSD, haijakwama hata mara moja tangu hapo. Kama kompyuta ya kwenda nayo mtandaoni naipa moja na hiyo moja ni ya Firefox. Sapoti ya bure iliisha 14 Januari 2020, ya kulipia ikaisha Januari 2023, kwa hiyo hizo apdeti mia na kitu nilizopigania ni za kuifikisha pale ilipoachwa, si za kuileta leo. Benki siigusi humo, barua pepe siigusi, nenosiri lililomo ni la sehemu moja tu ya kuhifadhia picha na nililitengeneza kwa kazi hiyo peke yake.

Hizo faili za flashi nimezihifadhi kwenye folda moja, nimeziandika namba mbele 1, 2, 3 kwa mpangilio wake, na nikafanya nakala ya diski nzima siku ileile kabla sijachomeka hata skana. Waya wa mtandao unakaa umechomolewa, nauchomeka nikimaliza boksi moja la negativu, picha zikipanda nauchomoa. Yamebaki maboksi manne.