Kinyerezi kwa gesi, au kinu cha nyuklia?

Kinyerezi II, kituo cha umeme cha Dar es Salaam chenye megawati 240, huchoma gesi ya bomba kutoka kusini. Joto la moshi wake huchemsha maji, mvuke ukazungusha mtambo mwingine. Ukifunga valvu, moto umekwisha. Kwa matumizi ya jioni ya Dar yanayopanda ghafla, gesi hutii haraka.

Kinu cha nyuklia hakichomi kitu. Atomi za urani hupasuka, na katika aina ya kinu iliyoenea zaidi, maji yaliyoshindiliwa kwa shinikizo la ba 155 (mara 155 hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida) hubeba joto la nyuzi 320 hivi bila kuchemka. Sehemu ya fueli hubadilishwa kila mwaka mmoja hadi miwili, raha kubwa hiyo. Kasheshe ni kuzima: fito za udhibiti, zinazozuia atomi kuendelea kupasuka, zikishashuka tu, asilimia 6 hivi ya joto bado inatoka, hivyo pampu hazipumziki. Kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, 2011, vinu vilizimika vizuri tu. Tsunami ikazamisha jenereta za dharura, maji ya kupoza yakakosa msukumo, fueli ikayeyuka.